Pikipiki Yako Imenikataa, Mama Ndiritu

Mama Ndiritu,

Sikuandikii kukusalimu. Salamu ulipewa za kutosha siku ile tuliyokusindikiza, na kwaya ikaimba, na yule mhubiri akasahau kunyamaza mpaka mvua ikamkumbusha. Nakuandikia kwa sababu nimechoshwa na pikipiki yako, na sina mwingine wa kumshtakia. Na barua hii naiacha wazi, mwenye macho asome, maana nataka watu wa huku mlimani wajue nilioa mwanamke wa namna gani na aliniachia mzigo gani.

Unajua shule niliiacha darasa la nne, na mwalimu akamshukuru Mungu. Kwa hivyo nikikosea mahali usinirekebishe. Safari hii huwezi.

Uliniachia nyumba, sawa. Uliniachia ng'ombe wawili wenye tabia zako, mmoja ananuna na mwingine ananipiga mkia nikichelewa. Hao nimewazoea. Lakini kile chuma kule stoo, kimesimama kama mbuzi aliyeinua miguu ya mbele akila ua wa jirani, wewe ulidhani nitakifanyia nini? Mimi mtu wa magoti mawili mabovu?

Unakumbuka siku uliyoileta? Mradi wa ng'ombe wa maziwa ulikuwa umekupa kazi ya kuzungukia mashamba, kupandisha ng'ombe kwa sindano, na mimi nilikuwa nimejiandaa kuona pikipiki ya heshima, ya chini, ya kukaa kama mtu anaenda kanisani. Badala yake ukatokea kwa geti na kitu kirefu, madigadi ya mbele imeinuka mbali na tairi kama mdomo wa korongo. Nikakuuliza kama hiyo ni pikipiki ama ni mdudu.

Ukanieleza polepole kama unafundisha watoto wa ubatizo. Kwamba hii ni ya lami na ya shamba, zote mbili. Kwamba springi zake ni ndefu ndiyo tairi ianguke shimoni na wewe juu usijue. Kwamba tairi la mbele ni kubwa na jembamba kwa sababu kazi yake ni kukata tope, si kupendeza. Kwamba chini ya injini kuna sahani ya chuma ya kupigwa na mawe, na eksozi, bomba la moshi, imepandishwa juu ili mto usiingie. Kwamba haina maji ya kupozea, inapozwa na upepo tu, kwa hivyo ikisimama na wewe usiizungushe bure. Kwamba haina ile swichi ya kuwasha na kidole. Ni kiki, mguu.

Mimi nikauliza pistoni ni ngapi ndani ya kitu kikubwa hivyo. Ukasema moja. Nikacheka mpaka nikashika ua. Urefu wote huo na pistoni moja? Wewe hukucheka. Ulifuta tangi na kona ya leso yako ukasema, "Moja inatosha. Hata mume niko na mmoja tu, na huyo asubuhi hata hawaki."

Ilibidi niingie ndani nitafute chai.

Halafu shida ya kwanza ikaonekana: wewe ulikuwa mfupi. Mungu alikuumba akakatiza. Kiti kilikuwa karibu na mbavu zako. Watu wa kiwanda cha kahawa walikuja kusimama barabarani wakijifanya wanapita, waone daktari wa ng'ombe atapandaje. Ukaenda nyuma ya nyumba, ukaviringisha jiwe kutoka kwa mistari ya kahawa mpaka getini, lile lenye mgongo bapa, ukalipanda kama ngazi ya madhabahu, ukaketi. Umati ukatawanyika kwa aibu.

Jiwe bado liko. Na si hilo tu. Kila boma ulilokwenda, mwenye ng'ombe alikuwekea jiwe lako mbele ya geti ndiyo uweze kupanda ukimaliza kazi. Juzi nilipita kule juu karibu na msitu nikaona jiwe bapa mbele ya nyumba mpya ya ghorofa, na mwenye nyumba, kijana, akaniambia hajui linafanya nini hapo, lakini marehemu baba yake aliwakataza kuliondoa. Nilikaa juu yake nikafunga kamba ya kiatu, hata kama kiatu hakikuwa na kamba.

Lakini sijasahau la ndume.

Ule mtungi wako, wenye ile barafu ya kutoa moshi na mbegu za ndume ndani, ulikuwa unaufunga nyuma ya kiti na raba ya tyubu. Siku ya kwanza nikakuomba unibebe mpaka sokoni, kwa kuwa unapita huko huko. Nikapanda nyuma, nikashika koti lako, nimeridhika. Ukageuka ukaniambia, "Shuka, Baba Ndiritu. Hapo ni pa ndume."

Mimi, niliyekuoa kanisani, niliyepeleka mbuzi kwenu mpaka baba yako akachoka kuwahesabu, niliteremshwa kwa sababu ya ndume ambaye hata hakuwepo. Ameganda ndani ya mtungi, ng'ombe mwenyewe hajawahi kumwona uso. Na nyinyi wawili mkaenda zenu mkinirushia vumbi. Kwa miaka watu wa kiwanda waliniuliza habari za mume mwenzangu. Nilikuwa najibu kwamba ni mzima ila anasikia baridi.

Mara moja tu ulinibeba safari ndefu, ile ya Kangari kumwona dada yako. Ilikuwa Jumapili, ndume amepumzika. Mvua ikatukuta kwenye majani chai, barabara nyekundu ikawa sabuni. Pikipiki za wengine zimelala mitaroni, na yako inapanda gia ya pili, du-du-du-du, haina haraka na haina hofu, kama mama anayepanda kilima na kuni. Meno yangu yaligongana mpaka nikaogopa nitayafikisha kwa dada yako mfukoni. Kwa kile kioo cha upande, kwa kutetemeka, niliona vitu viwili viwili. Wachuma chai wakasimama na vikapu vyao, na mama mmoja akakuitia, "Daktari, huyo mtoto wako ni mkubwa. Ataacha kubebwa lini?"

Wewe ulicheka mabega yakatingika, na mimi nimekukumbatia kiuno nikiwa sijui ni wewe unatetemeka au ni injini. Kama ningejua mambo ya mbele ningesema tuzunguke tena. Lakini nilikuwa nalalamika kuhusu kofia yangu.

Haya. Sasa sikiliza mashtaka yenyewe.

Tangu kifua chako kikushinde, mwaka jana kabla ya mvua ndefu, pikipiki imekaa stoo karibu na magunia ya mahindi. Mjukuu wako Wangui, binti mkubwa wa Ndiritu, huyo aliyepewa jina lako, alipomaliza chuo cha mifugo alipata kazi kama yako kule Kieni. Anabebwa na vijana wa bodaboda, na zile pikipiki zao za lami zinaanguka kwenye makorongo. Mtungi umemwagika zaidi ya mara moja, mbegu zimeharibika, wakulima wananung'unika. Akamwomba baba yake pikipiki ya cucu, yaani bibi yake. Ndiritu akakataa. Alisema mwanamke mmoja wa pikipiki anaitosha familia hii, na kwamba ukiwa hai hakulala usingizi siku zote za mvua.

Yeye ana duka lake la mabati na misumari mjini, anajua bei ya kila kitu. Na kosa ni letu. Tulimpa jina la baba yangu, kama ilivyo desturi, na sasa ananikemea kwa sauti ile ile ya baba yangu. Nikikohoa ananiuliza sweta iko wapi. Kwa hivyo alipokuja kunitangazia kwamba amepata mnunuzi, mtu wa Nanyuki anayekodishia wageni pikipiki za kuzungukia mlima, nilisimama wima kama mtoto aliyevunja kibuyu.

Nikamwambia haiuzwi. Akasema baba, ile inaliwa na kutu, haina mwenyewe. Nikamwambia mimi bado naitumia. Akanitazama magoti. Kisha akasema, "Sawa. Jumamosi mtu wa Nanyuki akija, ukiiwasha wewe mwenyewe, kwa mguu wako, itakaa. Ukishindwa, inaenda. Na tusisumbuane tena."

Baba yangu hasa. Alijua anachofanya.

Ndiyo nikaanza kupigana na kile chuma. Nilikuona ukiiwasha miaka yote hiyo kama mtu anayekanyaga siafu. Ule mkono mdogo upande wa kushoto, chini ya klachi, unaubana ndiyo pistoni itoe pumzi. Unasukuma kiki taratibu mpaka pistoni ipite kilele. Unaachilia. Halafu unaikanyaga na mwili mzima. Na ulinionya mara nyingi, kila nilipojaribu kuiwasha nikashindwa: "Acha mkono. Mafuta haiombwi. Ni mguu peke yake."

Lakini mkono wangu wa kulia ni mbishi tangu shule. Nikikanyaga, unazungusha mafuta wenyewe, na injini inakunywa kupita kiasi inazama. Mara ya kwanza nilisahau ule mkono mdogo. Pistoni ikapanda nusu ikarudi, na kiki ikanirudishia teke la kunirusha mpaka kwa gunia la mahindi. Nililala hapo nikitazama paa. Nikagundua paa linavuja, faida pekee.

Nilibadilisha petroli. Nikaweka plagi mpya. Nikaiombea. Nikaitukana kwa Gikuyu, nikaitukana kwa Kiswahili, na kwa kile Kiingereza kidogo nilichotoka nacho darasa la nne. Ilikohoa tu, kama mzee anayetaka watu wajue yuko chooni. Nikasema moyoni, huyu mke wangu Wangui ameifunga huko kwa wafu aliko, hataki niiguse. Usikasirike, mtu akirushwa na pikipiki hufikiri mengi.

Na jambo lingine likaniudhi zaidi. Leso yako ya bluu, ile uliyoifunga kwa usukani mara ya mwisho uliporudi kutoka kanisani, mimi nilikataza mtu yeyote kuigusa. Ilikaa hapo muda mrefu. Siku moja nikaingia stoo, haipo. Nikamshuku mke wa Ndiritu kwa sababu ndiye alikuja kufagia. Nilimuuliza kama ameitumia kusugua sufuria. Alisema hakuiona. Nikasema kitambaa hakina miguu. Alilia, na Ndiritu akaacha kunisalimia kwa simu wiki nzima, ikawa ni Jumamosi tu tunayongojea.

Jumamosi ikafika. Mtu wa Nanyuki alikuja na buti ndefu na koti lenye mifuko mingi, anazunguka pikipiki yako akiipapasa kama mtu anayenunua mtamba. Sitasema uongo, aliijua. Alisema hizi za kabureta, silinda moja, zisizo na kompyuta, ndizo zinatafutwa, maana ikikufia porini unaitengeneza na bisibisi. Akapima springi kwa kuzikalia. Nilimchukia kwa kukaa pale.

Wangui naye alikuja, ametoka Kieni asubuhi na mtungi wake mkononi, akiwa njiani kwenda kwa ng'ombe wa mtu hapa chini. Alisema amepita tu kunisalimia. Lakini alisimama na baba yake hawaangaliani.

Tukaisukuma mpaka kwa jiwe lako. Nikapanda. Goti likasema lake, nikalipuuza. Nikabana, nikasukuma, nikakanyaga. Kikohozi. Nikakanyaga tena. Mtu wa Nanyuki akaniomba nimpishe ajaribu, kwa heshima, na mimi kwa heshima nikasahau kumwonyesha ule mkono mdogo. Alikanyaga na buti lake lote. Ilimrudishia teke akaruka na mguu mmoja mpaka kwa ndizi. Hapo nilikupenda tena kidogo.

Ndiritu alikuwa ameshatoa karatasi za umiliki wa pikipiki. Wangui akasogea, akainama karibu na kiti, akanusa, akaniita babu kwa Gikuyu.

"Guka, mbona inanuka panya?"

Nikamwambia stoo yote inanuka panya, ndiko mahindi yako. Akaomba bisibisi. Akafungua ule mfuniko wa pembeni, sanduku ambamo injini inavutia pumzi. Na ndani, Mama Ndiritu, kulikuwa na nyumba. Panya amejenga kwa maganda ya mahindi na kwa leso yako. Ameipasua nyuzi nyuzi, bluu tupu, laini kuliko godoro langu, na katikati watoto wa panya wekundu kama vidole. Injini ilikuwa inanyimwa hewa. Ningekanyaga mpaka Krismasi.

Mke wa Ndiritu alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni, na nilisikia macho yake yakinigusa kisogoni. (Nimemnunulia leso nyingine. Nilimwachia mezani bila maneno. Ameivaa, kwa hivyo nadhani tumeelewana.) Ndiritu akataka kuikanyaga ile nyumba ya panya. Nikamzuia. Nikaibeba mwenyewe nikaiweka chini ya kahawa, maana waliozaliwa ndani ya leso yako sikuweza kuwaua. Baadaye paka alikwenda kuwatembelea. Sijui walizungumza nini.

Wangui akatoa plagi, akaifuta kwa suruali yake, akairudisha. Kisha akafanya jambo ambalo Ndiritu hakulitegemea. Hakuipanda yeye. Alishika usukani upande wa kulia akaniambia, "Wewe ndiye umeambiwa uwashe."

Nikapanda jiwe. Nikaketi. Na mkono wangu wa kulia, huo mbishi, nikautia mfukoni mwa koti. Kabisa, mpaka ndani, nikashika kikopo cha ugoro nilichosahau humo. Nikabana kushoto. Nikasukuma taratibu mpaka kilele kipite. Nikaachilia. Nikakanyaga na uzito wangu wote na hasira zangu zote, na nyingi zilikuwa zako.

Du.

Du-du. Du-du-du-du-du.

Kuku wakapanda ukuta. Ng'ombe wako anayenuna akainua kichwa akalia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu uende. Nadhani alifikiri umemletea bwana. Mke wa Ndiritu alifunika uso na aproni. Ndiritu alitazama chini, na kwa muda hakuwa baba yangu, alikuwa mtoto wako.

Halafu mtu wa Nanyuki akaharibu. Kusikia sauti ile akaongeza bei. Akaongeza tena. Na damu ya duka ikamrudia Ndiritu usoni. Akaanza kusema kwamba ahadi ni ahadi, lakini baba fikiria, huwezi kuiendesha, itarudi kwa panya, kitu kisicho na mwenyewe ni hasara.

Nikazima injini ndiyo nisikike. Nikamwambia, "Iko na mwenyewe. Ni ya Wangui."

Akasema kwa upole, "Mama alikufa, baba."

"Nani alikufa? Si Wangui ndiye huyu amesimama hapa na mafuta mikononi? Jina ulimpa wewe mwenyewe. Ama ulikuwa unatania?"

Mtu wa Nanyuki, ambaye naye ni wa desturi zetu, alivua kofia akaikung'uta, akasema basi, mambo ya majina yeye haingilii. Akachechemea mpaka kwa gari lake. Ndiritu alibaki ameshika kiuno. Tangu mtoto yule azaliwe akapewa jina lako, kama ilivyo desturi, nimemwita mke wangu mbele ya watu wote, na wewe ulikuwa unacheka ukisema nimeoa tena bila kulipa. Mtu hawezi kusema jina ni jina siku ya ubatizo, halafu siku ya biashara aseme ni sauti tu.

Mwisho akamwambia binti yake, bila kumtazama, anunue kofia ngumu, na mvua ikinyesha apige simu kabla ya kutoka na baada ya kufika. Wangui akasema ndiyo, baba. Ndiyo yote.

Basi nikafikiri, Mama Ndiritu, kwamba sasa nitapata haki yangu. Nimepigania pikipiki, nimerushwa, nimeteguka kiuno, nimewasha. Wangui alipopanda (hakuhitaji jiwe, ana miguu mirefu ya upande wa mama yake, na nilimkemea mpaka akashuka akapanda tena kupitia kwa jiwe, kwa adabu), nikapanda nyuma yake polepole. Nikashika koti lake. Nikarekebisha kofia. Nikamwambia apite njia ya kiwanda cha kahawa, na apunguze mwendo pale watu wanapokaa.

Hakuondoka. Alikuwa ameshika ule mtungi wake na raba ya tyubu, anangojea. Mtoto huyu alikuwa hajazaliwa wakati ule, na mimi sijawahi kumsimulia kisa hicho kwa sababu kinaniaibisha. Akageuka, na uso haukuwa na mzaha wowote.

"Shuka, guka. Hapo ni pa ndume."

Nikashuka. Ningefanya nini? Akafunga mtungi, akabana kushoto, akakanyaga mara moja bila kugusa mafuta, wakaenda zao wawili na vumbi lote likaniangukia mimi. Nilikaa juu ya jiwe nikisikiliza du-du-du ikiteremka mpaka daraja, ikabadilisha gia, ikapanda ng'ambo.

Kwa hivyo ukiuliza hali yangu, ni ile ile uliyoniacha nayo. Pumzika. Lakini ukimwona huyo ndume huko, mwambie ninamdai kiti.

Ni mimi,
mumeo, niliyebaki kwa jiwe,
Baba Ndiritu